Aliyeinyamazisha Helikopta

Betri haikuwapo. Kimlango cha ubavuni mwa helikopta kilikuwa kimefungwa vizuri na skrubu zote zimerudishwa, lakini ndani palibaki uwazi mtupu na ncha za nyaya mbili, kila moja imeviringishiwa kitambaa ili zisigusane.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Inspekta Acan.

"Mwizi ni mwizi, afande," alijibu Hardy, fundi wa helikopta. Alikuwa akipangusa mikono isiyo na uchafu wowote. "Bila betri haiwaki. Nyingine itafika kesho kutoka Kampala."

"Kesho ni mbali."

Katika hospitali ya Bwera, mwendo mfupi tu kutoka kiwanjani, alilala Mastula, mjamzito wa miezi saba mwenye moyo unaochoka. Alitakiwa afikishwe kwa mabingwa wa Kampala. Barabara ya Kasese ilikatwa tangu Jumatano, mto ulipobeba daraja. Daktari alikuwa amempigia Acan simu mwenyewe: "Akiondoka baada ya saa sita, sina ahadi."

Sasa ilikuwa saa mbili na robo asubuhi.

Zamani ukisikia helikopta Bwera, ulijua ni jeshi au mkubwa fulani. Mwaka huu kampuni ndogo ilikuwa imeleta yake. Siku nyingi ilipandisha watalii kutazama theluji ya Rwenzori; ikiitwa, ilibeba wagonjwa. Watu walikuja kuitazama kama bibi harusi.

Acan hakuipenda. Alizaliwa Gulu wakati wa vita, na mpaka leo mngurumo ule ukipita juu, miguu yake hutaka kuondoka bila yeye. Hakumwambia mtu. Inspekta hasemi mambo kama hayo.

"Alama za vidole?" alimuuliza Konstebo Okot.

"Mvua imefuta, afande."

Akamgeukia mlinzi, mzee Swalik.

"Ulikuwa wapi?"

"Niliswali alfajiri hapa nje, afande. Halafu nikavuka kwa Halimah kunywa chai. Mvua ikanishika huko."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Labda na kidogo. Chai ilikuwa moto."

"Na uwanja ukauachia nani?"

Swalik aliinamisha kichwa. "Hata mswala nilisahau kwa nyasi. Nikarudi najua imelowa. Kumbe iko juu ya kiti, chini ya bati, kavu kabisa, imekunjwa. Nikasema, Hardy, Mungu akubariki."

"Mimi?" Hardy alishangaa. "Mimi nimefika saa moja na nusu!"

Acan aliacha kutembeatembea.

"Mswala uko wapi?"

Ulikuwa bado kwenye kiti. Ulikunjwa mwembamba na mrefu, na pembe ya mwisho ilisukumwa ndani ya mkunjo mpaka ikapotea. Aliuinua, akautikisa. Haukufunguka.

Mtu amebeba betri nzito, mvua inaanza, anaweza kukamatwa wakati wowote. Naye anasimama ili mswala wa mzee usilowe. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi, Acan alikuwa hajamwona mwizi wa namna hiyo.

"Hardy, nani amewahi kukuuliza habari za betri?"

"Nani hajauliza? Wote wanataka kujua. Nawaonyesha: hapa mafuta, hapa betri. Mtu akitaka kujifunza, nimfukuze?"

Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, na mkunjo ule ulikuwa wa mtu anayekunja nguo kila siku. Acan alipanda boda, mswala kifuani, akashuka kwenye meza za vitenge. Aliupita mstari mzima akitazama mikono ya wauzaji. Huyu alikunja mara nne, yule aliviringisha. Saa ikawa nne.

"Mama, unanunua ao unatutembelea?" alitania muuzaji mmoja, Raihana.

Acan aliuweka mswala mezani. "Nani anakunja hivi?"

Raihana aliugeuza mara moja tu. "Hiyo mkono ya Fidèle, yule wa Beni, kule Kongo. Anaingiza pembe ndani, ndiyo kitenge isifunguke kwa boda. Alitufundisha, sisi tukashindwa." Akaonyesha meza tupu pembeni. "Lakini leo hajafungua. Siku ya soko! Nilidhani mama yake amezidiwa."

"Anaishi wapi?"

Raihana alisita. "Afande, Fidèle ni mutu muzuri."

"Najua," alisema Acan. "Nionyeshe."

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Okot, aliyefuata kwa boda nyingine, alisimama mlangoni. Mama mzee alikaa kitandani akila ugali na sombe, majani ya muhogo, polepole, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji. Fidèle, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, alikuwa akimshikia sahani. Alipoona sare hakukimbia.

"Betri iko wapi, Fidèle?"

"Kwa chini ya kitanda, afande. Nilifunika, isishike maji."

"Kwa nini?"

Alimtazama mama yake. "Angalia. Leo iko anakula."

"Nijibu."

"Kule kwetu, ile kitu ililia juu ya shamba, halafu moto. Baba alibakia pale." Sauti yake ilishuka. "Hapa ikilia, mama anakamata muzigo, anakimbia. Juzi aliingia muto Lhubiriha, maji imejaa. Watu wa boda walimutoa, wakamuleta mpaka hapa, hata asante hawakungoja. Siku mbili hakukula. Nilienda kwa kampuni mara mbili. Walisema niandike barua, Kingereza. Afande, nilitaka siku moja tu ya kimya. Kesho ningerudisha."

"Ulijua inabeba wagonjwa?"

"Wagonjwa? Mimi naona wazungu na kamera."

Acan alimweleza habari za Mastula, kwa maneno machache. Fidèle aliweka sahani chini. Akaingia mvunguni mwenyewe, akaiburuta betri, akamsukumia Okot.

"Peleka! Usisimame, kimbia!"

Saa tano na nusu Hardy alipiga simu: betri nzima, mgonjwa ameshapandishwa. Okot alikuwa amerudi, pingu mkononi. Kabla hajasema neno, mngurumo ukaanza.

Mama mzee alikuwa tayari mvunguni, viganja masikioni. Mabati yakatetemeka. Miguu ya Acan ilitaka mlango. Badala yake alipiga magoti, akajiingiza chini ya kitanda na sare yake, akalala vumbini kando ya yule mama.

"Mama, ndani ya ile kitu kuna mwanamke. Mjamzito. Anapelekwa kwa daktari."

Macho ya mama yalifumbuka. "Jina yake nani?"

"Mastula."

Sauti sasa ilikuwa juu ya paa lenyewe. Mama alitoa kiganja kimoja sikioni, akaukamata mkono wa Acan.

"Pita, Mastula," alisema. "Pita, mutoto yangu."

Walishikana hivyo mpaka mngurumo ukamezwa na milima. Acan akatoka, hakujipangusa.

"Pingu, afande?" aliuliza Okot.

"Hapana. Fidèle ataandika maelezo kituoni, na mimi nitaandika yangu." Acan alimwinua mama taratibu, akamkalisha kitandani, akampa Fidèle ile sahani. "Mama amalize kula kwanza."