Ghanima Hafungui Mdomo

Ibra, huko Omani, Jumatano asubuhi, lipo soko ambalo mwanamme mwenye akili zake halikanyagi. Wanaouza wanawake, wanaonunua wanawake. Huko ndiko zinakochaguliwa nguo za arusi na ndiko wanakosemwa watu. Thani, kijana wa mji wa Manah, aliingia katikati yake na boksi la vitambaa begani, kanzu imemganda kwa jasho, kofia imemkaa upande, anatafuta meza ya mteja wa dada yake.

"Yuu! Mwanamme!" ukapigwa ukelele. Wengine wakadakia kwa Kiarabu: atoke, haya hana?

Thani akageuka huku, akageuka kule, akakwama baina ya meza ya ubani na meza ya mafuta ya nywele. "Leo nimekwisha, mama yangu," akajisemea kwa Kiswahili.

Nyuma ya meza ya ubani msichana akaangua kicheko. Kisha ghafla, kama aliyeungua, akajiziba mdomo kwa shela.

"Unanicheka, bibie, badala ya kuniokoa?"

"Nikuokoe, kwani mimi askari? Pita hapa nyuma, upesi, kabla hujapigwa kandambili."

"Kumbe Mswahili! Wa wapi wewe?"

"Wa hapa hapa. Bibi yangu ndiye wa Unguja. Pita, nimekwambia!"

"Napita. Nambie jina basi, nikasimulie nani kaniokoa."

"Ghanima. Haya, potea."

Hakupotea. Alimsubiri nje ya lango mpaka soko likavunjika, akanunua ubani asiokuwa na haja nao, akaondoka na pakiti yenye nambari ya simu juu yake.

Ghanima alikuwa mzuri, macho makubwa yaliyokolea wanja, mwendo wa taratibu ndani ya abaya yake ya zambarau. Mzuri, na mwoga. Meno yake mawili ya mbele ya juu hayakuwa yake. Alipokuwa akisoma katika mji wa Sur, gari walilopanda lilipinduka. Alitoka hai, lakini na pengo. Tangu hapo akivaa kibao cha plastiki cha rangi ya ufizi, chenye meno mawili, kinachobana juu kwenye kaakaa. Zamani kilibana. Sasa kilikuwa kikilegea mwaka hata mwaka. Alipocheka pale sokoni kilishuka, akakidaka kwa ulimi. Aliyeijua siri hiyo ni mmoja tu, shangazi yake Bi Kuruthum, aliyemlea.

Simu zikaanza.

"Ubani wako umenitoa machozi," Thani alisema.

"Umezidisha mkaa."

"Mkaa gani? Nakukumbuka wewe."

"Haya, tushaanza."

"Ghanima, roho yangu, washa kamera nikuone."

"Kamera imeharibika."

"Tangu Ramadhani imeharibika? Simu gani hiyo, ya udongo?"

"Ya udongo, na mwenyewe wa udongo. Ukinitaka nitake kwa sauti."

"Sauti naitaka. Na mwenye sauti namtaka. Namtuma mama aje."

Ghanima akaishusha simu sikioni. Jambo alilokuwa akiliomba kwa Mungu lilikuwa linakuja, na sasa linamtisha. Akiolewa atakula na huyu mtu, atalala naye, ataamka naye na kibao kimo ndani ya bilauri ya maji. Atamtazamaje? Je, akistuka? Je, akicheka?

Bi Mahfudha, mama yake Thani, alikuja na sinia ya halwa ya Nizwa, ingali moto, inang'aa kwa samli na kunukia zafarani. Ghanima kavaa nguo ya kijani yenye nakshi za dhahabu kifuani, mikono imeiva hina. Alikunywa kahawa yake kwa midomo iliyobana, akajibu kila suali kwa neno moja. Bi Mahfudha akaona ni adabu, akapendezewa.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Kwetu sisi mkwe hulishwa tonge la kwanza la halwa kwa mkono wa mama. Mimi nililishwa na mamamkwe wangu, na leo nakulisha wewe. Haya, fungua mdomo."

Vidole vitatu vikachota. Halwa ikavutika, ikanyooka kama mpira, haitaki kukatika. Ghanima akaitazama inavyomjia. Ingekinasa kibao kizima na kukitoa, hapo mbele za watu, meno mawili yaning'inie katika vidole vya mama Thani. Meno akayakaza.

"Nimefunga," akasema.

Kikombe cha kahawa kilikuwa bado mkononi mwake.

Bi Kuruthum alitamani ardhi ipasuke. Bi Mahfudha akakitazama kikombe, akamtazama mwenye kikombe.

"Umefunga. Na hiyo kahawa umeinywa kwa pua?"

"Nili... nilisahau, mama."

"Hukusahau. Hatutakiwi, basi. Tungeambiwa mapema tusingejisumbua na njia." Akafuta vidole vyake polepole, akasimama. "Kuruthum, Mungu akupe heri."

Jioni ile ile simu ikalia.

"Ghanima, mama yangu kalia njia nzima. Umemfanya nini?"

"Sikumfanya kitu."

"Umemwambia umefunga na kahawa mkononi! Kama hunitaki si ungenambia mimi, kuliko kumdhalilisha mzee wa watu?"

"Nakutaka, Thani."

"Basi ilikuwa nini?"

Ulimi wake ulikisukuma kile kibao, ukakirudisha. Maneno yalikuwa pale pale nyuma yake.

"Siwezi kukwambia."

"Una mtu mwengine?"

"La! Wallahi la!"

"Basi mimi sikufahamu, bibie."

Si roho yangu tena. Bibie. Simu ikakatwa.

Wiki zikapita, Thani kimya. Bi Kuruthum alimwacha Ghanima alie, kisha akachoka.

"Vaa abaya. Tunakwenda Nizwa kwa daktari wa meno."

"Nizwa, karibu na kwao Thani! Kwa nini si hapa?"

"Hapa Ibra ukifungua mdomo asubuhi, adhuhuri soko zima limeshakuhesabu meno."

Daktari Wasan alikuwa mwanamke mwembamba, Kiarabu chake cha polepole. Alipokitoa kile kibao, Ghanima alifumba macho kama anayevuliwa nguo barabarani.

"Kinalegea, siyo?" daktari aliuliza. "Hakikupungua kibao, umepungua mfupa. Jino likitoka na mzizi wake, mfupa unakosa kazi, unaliwa kidogo kidogo. Ukiuacha, hata mdomo wa juu utaingia ndani."

"Naogopa, daktari."

"Unaogopa nini?"

"Sindano. Mashine. Damu. Vyote."

Daktari akamwonesha skrubu ya titani, fupi kuliko ukucha. "Hii tunaipanda ndani ya taya, inakuwa ndiyo mzizi. Mfupa unaishika, inachukua miezi, kisha juu yake tunaweka jino. Hulivui ukilala. Unalipiga mswaki kama wenzake, unauma tofaa ukitaka. Na meno mazima ya pembeni hatuyachongi. Lakini sikufichi: utaumwa siku chache, pengine utavimba, na wapo ambao mfupa wao haukubali. Wako, kwa picha hii, naona utakubali."

"Na kabla ya hayo meno kuwekwa?"

"Mwanzoni kidonda kinataka kupumzika. Kibao hutovaa. Utakaa na pengo."

Hilo likamtisha kuliko mashine.

Siku yenyewe ikafika. Walikaa kwenye ukumbi wa kusubiri, Bi Kuruthum anavuta uradi, Ghanima anazungusha ncha ya shela kidoleni. Mlango wa ndani ulipofunguka ilisikika sauti nyembamba ya mashine, ukafungwa. *Huko nitatiwa ganzi*, aliwaza. *Lile la Thani halina ganzi.* Akatoa simu. Akawasha kamera. Akapiga.

Uso wa Thani ukatokea, ndevu hazikuchongwa. "Ghanima?"

"Usiseme kitu. Tazama."

Akashusha shela, akatia kidole, akakitoa kibao. Akafungua mdomo mbele ya simu, na baridi ya kiyoyozi ikapenya penye pengo.

"Hii ndiyo thababu," akasema, ulimi unampita. "Halwa ingeking'oa mbele ya mama. Nipo Nithwa, kwa daktari wa meno."

Thani alikodoa macho. Picha ikayumba, ikaonesha dari, ikazimika.

Alipiga tena. Haipatikani.

"Ghanima!" muuguzi akaita.

Aliingia kama anayekwenda kuchinjwa. Sindano iliuma, kisha uso ukafa nusu. Mashine hakuisikia kwa maumivu; aliisikia kwa mifupa, ikinguruma ndani ya fuvu, na machozi yakamtiririkia masikioni. Kila alipofumba macho aliiona ile dari tupu. Amekimbia, aliwaza. Ameona, amekimbia.

Alipotoka ameshikwa mkono na Bi Kuruthum, pamba imejaa mdomoni, Thani alikuwa amesimama ukumbini. Kichwa wazi, hana kofia, na miguuni kandambili za msalani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Simu yako imekuwaje?"

"Imevunjika. Sitokwambieni uongo: nilistuka, nikaiangusha. Nikakaa kitako, naogopa, hata sijui naogopa nini." Akamgeukia Ghanima. "Kisha nikasema, yeye kaogopa kunishinda na kanipigia. Mimi nikae tu? Nimezunguka kila kliniki ya meno ya Nizwa nakuulizia."

"Na mama yako?" Bi Kuruthum aliuliza.

"Nimemwambia kabla sijatoka. Kasema, 'Nilidhani kiburi, kumbe hofu. Kaniombee radhi.' Shangazi, naposa tena. Naposa hapa hapa."

"Muulize mwenyewe."

Daktari Wasan akachungulia mlangoni. "Asiseme! Aume pamba, asitoe hata neno!"

"Ghanima, roho yangu," Thani alisema. "Utakubali nikuoe? Na pengo, bila ya pengo, vyovyote."

Ghanima akanyamaza.

"Basi imekwisha," Bi Kuruthum akafurahi. "Mwanamwali akinyamaza kakubali, ndiyo desturi. Inua mikono tusome Fatiha."

Ghanima akatikisa kichwa. La.

Rangi ikamtoka Thani.

"Hukubali?" Bi Kuruthum akastuka.

Akatikisa tena. Kisha akatia vidole mdomoni, akaitoa pamba, nyekundu kwa damu. Mdomo wa juu umelegea, mate yanamchuruzika kidevuni, na watu wote wa ukumbini wanatazama. Hakuinamisha uso.

"Thi kwa kunyamatha," akasema kwa nguvu. "Nimenyamatha vya kutotha. Nakubali. Nakubali, Thani."

"Rudisha pamba!" daktari akafoka.