Nyanya Musokoro Anabisha Hodi

Kwanza lilikuwa pindo la nguo. Yasigi Togo alilishika asubuhi akitaka kulipiga pasi, akakuta limelowa na linanuka tope la mtoni. Ilikuwa Machi, na mji mzima wa Kati ulikuwa vumbi tupu. Mto wenyewe uko mbali, huko chini Bamako. Akajiambia labda binti yake Nema amemwaga maji. Akalikausha, akamvika tena Nyanya Musokoro nguo yake, akaenda zake kufundisha hesabu.

Naam, mwalimu wa sekondari, mama mzima wa miaka arobaini na ushee, na sebuleni kwake kuna kikaragosi. Usicheke, watu walishacheka vya kutosha. Yasigi alipokuwa mdogo, kila Alhamisi jioni watoto wa mtaa walibanana mbele ya televisheni moja, akatokea kikaragosi cha bibi kizee, Nyanya Musokoro, mwenye meno ya kauri na nguo ya viraka, akagonga lango na kuuliza: “Hodi, wenye nyumba! Kuna mtoto wa kunisemesha?” Watoto wote wakapaza sauti: “Yupo! Ingia, ukae!” Wenzake walikua wakayasahau hayo. Yeye alikusanya kanda moja moja, akajua kila kipindi neno kwa neno. Mumewe Antimbe akimtambulisha kwa wageni alisema, “Huyu ni mke wangu, na yule bibi kwenye kanda ni mke mwenzake.”

Ila Antimbe aliacha utani huo siku alipomwona binti yao mbele ya zile kanda. Nema alikuwa na miaka mitano na hajawahi kutamka hata neno moja. Madaktari walimpima masikio, ulimi, kila kitu, hawakuona tatizo. Lakini bibi kizee akibisha hodi, Nema alicheka, na midomo yake ikachezacheza. Hicho ndicho kilichompeleka Yasigi mtaa wa wavuvi wa Kibozo, kando ya mto, kwa Baba Kontao, mzee aliyekuwa akiingia ndani ya ile nguo kukichezesha kikaragosi zamani za kipindi.

“Karibu, mla vitunguu,” mzee alimpokea. “Vitunguu vimewaishia huko milimani, umekuja kuniomba samaki?”

“Kaa na samaki wako wanaonuka, mtumwa wangu wewe. Namtaka Nyanya Musokoro.”

Mzee akaangua kicheko. Mbozo wa mtoni hamnyimi Mdogon wa milimani kama Yasigi, makabila yao ni watani wa damu, na Yasigi alilijua hilo alipotoka nyumbani. Baba Kontao akaingia ndani na kutoka na kichwa cha mti cha kikaragosi.

“Umenibana, binti. Chukua kichwa. Nguo niliichoma mwenyewe, na usimshonee nyingine. Kichwa na nguo haviachwi pamoja bila mtu ndani. Hiyo inakuwa nyumba tupu, na wapo wanaotafuta pa kuhamia.”

Yasigi alimsikia vizuri kabisa. Lakini shabiki gani anaweza kumweka mpenzi wake ukutani kichwa kitupu? Nguo ile aliijua kiraka kwa kiraka, kile cha njano begani, kile cha buluu kilichoshonwa juu chini. Akaishona sawasawa na ya kwenye kanda, akaivika, akafurahi mpaka akalia.

Alhamisi ya pindo lile lililolowa, magharibi ikiingia, Yasigi alikuwa jikoni anakoroga mchuzi wa majani ya mbuyu. Sebuleni sauti ikasema, “Hodi, wenye nyumba! Kuna mtoto wa kunisemesha?” Mdomo wake ukajibu kabla ya akili, kama ulivyojibu utotoni: “Yupo! Ingia, ukae!” Ndipo akakumbuka kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu mchana.

Akakimbia. Nema alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kikaragosi. Akamtazama mama yake, akasema, “Mama.”

Nani angeuliza maswali saa hiyo? Yasigi alipiga vigelegele, Antimbe akachinja kondoo, majirani wakajaa uani. Wiki nzima Nema alisema, na kila alichosema kilikuwa kimetoka kwenye zile kanda. Yasigi alikigundua hicho mapema, akakinyamazia.

Kisha harufu ya tope ikahamia kitandani kwa mtoto, na mtoto akaacha kula, na akiitwa aligeuza shingo kwanza, macho yakafuata baadaye, na jioni moja Yasigi akimwogesha alimsugua mgongo, akasikia chini ya kitambaa kitu kikavu kisicho ngozi, akashusha mkono polepole akitafuta uti wa mgongo wa mwanawe, asiupate, akapata tundu, kubwa la kutosha kuingia ngumi ya mtu.

“Antimbe,” alinong’ona, “umemshika mkono leo?”

“Nimemshika.”

“Ni wa baridi.”

“Si baridi tu. Niliugonga na kikombe kwa bahati mbaya. Yasigi, ulilia ko. Kama mti.”

Baba Kontao aliitwa, akaja usiku uleule, akasimama mlangoni na kuanza matusi: “Toka, mwizi wa nyumba za watu! Toka, tope wewe!”

“Mimi si mwizi,” Nema alijibu kwa sauti ya kikongwe. “Nimekaribishwa. Nimeambiwa niingie, nikae.”

Mzee akamgeukia Yasigi. “Nani aliitikia?”

Yasigi akainamisha kichwa.

“Hicho kitu cha mtoni kilikuwa na kichwa na nguo,” mzee akasema kwa sauti ya chini. “Sasa kinataka mwili wenye joto. Nitakitoa. Lakini kitaondoka na kila kilicholeta.”

“Na maneno?”

“Yote.”

“Kitoe,” Antimbe alisema. “Mwanangu ni mwanangu hata akiwa kimya.”

Yasigi alimtazama Nema. Alikawia, na mumewe akamwona akikawia. Ndipo akasema, “Kitoe.”

Baba Kontao alikishika kikaragosi, akang’oa kichwa kwenye nguo kwa mkupuo mmoja. Nema akapiga yowe, akaanguka. Nguo ikachomwa uani, nayo ikatoa mvuke badala ya moshi. Mzee akafunga kichwa kwenye gunia akirudishe mtoni. Mtoto alikuwa na joto, mgongo wake ni mgongo, na kimya chake ni kile cha zamani.

“Kitarudi kubisha,” mzee aliaga. “Kisipoitikiwa, hakina mlango. Umenisikia, mla vitunguu?”

“Nimekusikia.”

Alhamisi iliyofuata, Antimbe akiwa msikitini, lango liligongwa. Yasigi alimpakata Nema, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Alijiandaa kwa sauti ya kikongwe. Iliyokuja ilikuwa ya mtoto, laini, safi, sauti asiyoijua ila aliyokuwa ameisubiri miaka mitano.

“Mama,” ilisema nje ya lango. “Mama, nakupenda. Kuna mtoto wa kunisemesha?”

Nema alimtazama kutoka mapajani, kimya, midomo ikichezacheza.

Yasigi alilia. Alilia huku mikono ikimteremka usoni.

“Yupo,” akanong’ona. “Ingia, ukae.”

Nema akageuza shingo kuelekea lango. Macho yakafuata baadaye.