Kifungo cha Nje cha Pantaleo

Bi Hajira huuza chapati Mtaa wa Msimbazi. Siku hiyo alifunga mapema. Binti yake, Moza, alijifungua alfajiri katika zahanati ya mtaa, na maji hakuna! Koki zote ziliibwa mwezi uliopita. Bibi wa watu akabeba ndoo mwenyewe, huku akimlaani mwizi kwa jina. Alikuwa Pantaleo, fundi bomba wa mtaa wa pili. Mahakama ilishamtia hatiani.

"Aozee hukohuko jela!" alisema.

Kufika getini, anamwona nani? Pantaleo huyohuyo, kapiga magoti chini ya sinki la uani, spana mkononi.

"Hee! Amehonga huyu!" Akavuta pumzi apige kelele za mwizi.

Msichana mmoja akamshika mkono. "Shikamoo, mama. Usipige kelele, watamuua."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Candida, afisa wa huduma kwa jamii. Hajahonga. Ana kifungo cha nje."

"Kifungo gani mtu anadunda mtaani?"

"Hakimu kaamuru afanye kazi hapa miezi minne, bila malipo. Mimi namsimamia. Akitoroka, namrudisha mahakamani, na jela inamsubiri."

"Mimi nataka aumie!"

"Angekuwa jela, koki angefunga nani? Angekula kodi yako, atoke hana kazi, aibe tena. Na kifungo hiki hapewi muuaji, mama. Ni cha makosa madogo."

"Madogo?" Bi Hajira aliitua ndoo kwa kishindo. "Mwanangu kazaa bila tone la maji, unaniambia dogo?"

Candida akamwonyesha Pantaleo kwa kidole. "Kwa sheria, dogo. Kwako si dogo. Mwambie mwenyewe."

Akamwambia. Alimwambia yote, hadi damu iliyokauka miguuni mwa Moza. Pantaleo hakuweza kuinua uso.

"Mama, nilidhani naiba vyuma vya serikali tu. Nisamehe."

"Serikali! Serikali ndiyo iliyozaa? Sikusamehe ng'o!" Akamnyooshea kidole. "Wodi ya wazazi bado kavu. Nyanyuka, twende!"

Adhuhuri, Moza alimwogesha mwanawe kwa maji ya bomba. Bi Hajira alisimama mlangoni, mikono kiunoni, hasira tele.

"Bado koki tatu," alimwambia Pantaleo. "Na kesho usichelewe."