Mboni Amshitaki Nassibu wa Redio

Kila siku, akishaswali alfajiri, Mboni alifagia uwanja wake, akabandika uji, kisha akakaa barazani kudarizi kofia. Mumewe alikwisha fariki. Alibaki na binti mmoja, Riziki. Riziki alimtungia mama uzi kwenye sindano, na kuuliza maswali mpaka mama akachoka kujibu.

Kijiji chao kilikuwa kipya, kwenye njia ya kwenda Kilwa Kivinje. Watu walihamia hapo kutoka kila upande. Wengine walitoka milima ya Kipatimu, wengine walikuwa wa pwani hapo hapo. Wengi hawakuwa wamejuana bado. Lakini wote walimjua Nassibu.

Nassibu alitunza redio ya kijiji. Jioni watu walikusanyika kwa muuza kahawa kusikiliza. Kazi ya Nassibu ilikuwa kuiwasha, kuizima, na kuwaeleza wale ambao hawakusikia vizuri. Basi. Lakini yeye alijiongezea kazi nyingine. Taarifa ya habari ikiisha, alizima redio, akachukua kipaza sauti chake cha bati, akasema:

"Hiyo ndiyo habari ya mbele. Sasa sikilizeni habari ya nyuma!"

Redio ikisema mvua imechelewa, Nassibu alisema kuna watu wameifunga mvua kwa mashine. Redio ikisema chemsheni maji ya kunywa, Nassibu alisema hizo ni njama za kupunguza uzazi. Watu waliguna, wakacheka, wakaagiza kahawa nyingine. Mboni aliyasikia yote kutoka barazani kwake. Alisonya tu, akaendelea na kofia yake.

Masika ile Riziki alishikwa na surua. Mboni alimbeba mpaka zahanati. Mganga alijitahidi, lakini Mwenyezi Mungu alimchukua mja wake. Bi Mwahija, mama mtu mzima anayeosha maiti wa kike hapo kijijini, alimwosha Riziki na kumvika sanda. Wanaume wakalibeba jeneza. Mboni alibaki ndani na wanawake wenzake, kama desturi ilivyo. Hakwenda makaburini.

Baadaye umoja wa akina mama ukapata cherehani. Wakasema, "Tumkabidhi Mboni. Mkono wake ni mzuri, na sasa yuko peke yake."

Jioni moja redio ilisema habari za vita ng'ambo ya Ruvuma, Wareno wanavyopigana na wenyeji. Nassibu akazima redio, akainua bati lake.

"Habari ya nyuma ni hii. Wareno wananunua watoto! Mimi sisemi kitu. Mimi nauliza tu. Mboni kazika mtoto, mara kapata cherehani. Imetoka wapi? Waliobeba jeneza wanasema lilikuwa jepesi. Mama mwenyewe aliona mtoto akiingia kaburini? Hakuona! Watu wanasema mle kuna mgomba. Mimi nauliza tu!"

Kila mtu alielewa. Wapo wanaoamini kwamba mtu akichukuliwa na wachawi, watu huzika mgomba wakidhani wamezika maiti.

Mwanamke mmoja jirani alikimbia kumpasha Mboni habari, neno kwa neno. Mboni aliacha kukanyaga cherehani.

"Mgomba?" aliuliza. "Mgomba mbichi ni mzito kuliko mtoto aliyekondeshwa na surua! Hata uongo wenyewe hajui kuupima!"

Lakini jioni iliyofuata Nassibu aliuliza tena. Na iliyofuata. Wateja wakaanza kufuata vitambaa vyao, wengine vikiwa havijashonwa. Watoto walimwona Mboni njiani, wakakimbia. Halafu wakatokea wanaume na majembe, wakaelekea makaburini. Abilahi, balozi wa nyumba kumi, aliwakuta wamekwisha kung'oa miti ya pembeni ya kaburi la Riziki. Aliwafukuza, kisha akaja kwa Mboni, jasho linamtoka.

"Leo nimewazuia," alisema. "Lakini kila jioni yule bwana anawapa maneno mapya. Mimi siwezi kulala makaburini, Mboni."

"Wanataka kumfukua mwanangu?"

"Wanasema wanataka kuhakikisha tu."

"Kuhakikisha tu. Kuuliza tu. Kila kitu kwao ni tu!"

Dadi, kaka yake Mboni, alisikia habari huko Rutamba, akaja mbio.

"Hapa hakuna maneno," alisema. "Tusome halbadiri, dua ya kumwapiza mbaya wetu. Imwangukie Nassibu, tumalize."

Mboni alikuwa amechoka na ana hasira. Alikubali. Dadi akapita nyumba kwa nyumba akitangaza: "Ijumaa tunasoma halbadiri! Aliyesema na aliyesikia akanyamaza, wote itawapata!"

Kijiji kizima kikaingiwa na hofu. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yule jirani aliyeleta habari neno kwa neno, sasa alisema, "Mimi? Mimi siku ile nilikuwa shamba." Muuza kahawa alisema alikuwa anapuliza moto, hakusikia. Naye Nassibu akapaza sauti: "Mnaona? Anataka kutuua wote! Mtu asiye na jambo angefanya hivyo?"

Tekla, jirani wa upande wa pili, alikuwa Mmakonde, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Zamani alikuwa karani wa mahakama mjini Lindi. Alikuja na kitenge chake, akamkuta Mboni ameshika tama.

"Hodi, Mama Riziki. Nimekuletea kitambaa."

"Huogopi kuuzwa kwa Wareno?"

"Mimi? Kwa maneno yangu haya, wangenirudisha siku hiyo hiyo."

Mboni alicheka kidogo. Tekla akaketi mkekani.

"Mama Riziki, Nassibu amekukashifu. Amesema hadharani kwamba umemuuza mtoto. Kumuuza mtu ni kosa kubwa la jinai. Mtu akikusingizia jambo kama hilo mbele za watu, sheria inakuruhusu kumshitaki."

"Mimi? Mjane mdarizi kofia? Yule ana redio ya kijiji!"

"Redio si ngao. Mahakama haiulizi nani ana sauti kubwa. Inauliza alisema nini, alisema wapi, nani alisikia, na je, ni kweli?"

"Atasema aliuliza tu."

"Mwache aseme. Ukiuliza jambo kwa namna ya kuwafanya watu waamini, umelisema. Na ukisema 'watu wanasema,' ukalitangaza, umelitangaza wewe."

"Basi twende kesho!" Mboni alisimama.

"Kaa kwanza. Mashahidi wako wapi?"

Mboni aliinua mkono kuonyesha nyumba ya jirani. Kisha akaushusha.

"Wote wamesema hawakusikia."

"Kwa nini wamesema hivyo?"

Mboni aliitazama tena ile nyumba. Tekla hakumjibia. Alikunja kitenge chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Halbadiri," Mboni alisema mwishowe. "Tumewatisha mashahidi wetu wenyewe. Dadi! Dadi, njoo hapa!"

Dadi alikuja akifuta mikono.

"Nenda ukawaambie watu halbadiri haipo."

"Dada! Tutachekwa!"

"Nimekwisha chekwa, nimekwisha kimbiwa, wamekwisha fika kaburini na majembe. Kuchekwa tena kunapunguza nini? Nenda. Useme Mboni ameyaacha mambo ya Mungu kwa Mungu, na anataka watu waseme kweli waliyoisikia. Hakuna atakayedhurika."

Dadi alikwenda akinung'unika. Jioni ile ile jirani alikuja, macho chini.

"Nilisikia," alisema. "Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa mkononi."

"Siku ile ulikuwa shamba."

"Mboni, usinitese. Nitasema."

Muuza kahawa naye alikubali.

Tekla alishauri waanzie kwenye baraza la usuluhishi, maana pengine Nassibu angeona haya na kuyafuta maneno yake bila kesi. Wazee wa baraza walimwita. Alikuja amevaa koti.

"Nimwombe radhi nani?" alisema. "Kama kweli mtoto yumo, tufukue tuone!"

"Astaghfirullah!" mzee mmoja alisema. Baraza likaandika kwamba suluhu imeshindikana. Mboni akafungua madai katika mahakama ya wilaya, Masoko.

Lilibaki jambo moja. Nassibu atasema mama hakuona maziko, na hilo ni kweli. Nani basi alimwona Riziki kwa macho yake, akiwa maiti, na kumjua? Mboni alikwenda kwa Bi Mwahija.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta, na siwezi."

"Hata sijasema!"

"Mwoshaji hufunika alichokiona. Nimeosha maiti tangu ujana wangu. Sijatoa nje siri ya hata mmoja. Nikaanzie kwa mtoto wako, mbele ya hakimu?"

Mboni alitaka kupiga kelele. Kila mlango aliougusa ulikuwa na komeo lake. Lakini huyu mzee hakuwa mwoga, wala hakuwa mwongo. Alikuwa anatunza amana. Mboni alishusha pumzi.

"Bi Mwahija, sikuombi useme mwili wake ulikuwaje. Hayo yafunike, Mungu akulipe. Nakuomba useme jambo moja tu. Ulimwosha nani?"

Bi Mwahija alivuta tasbihi yake, punje baada ya punje.

"Nilimwosha Riziki binti yako."

"Basi. Hayo tu."

"Hayo hayafichui kitu," mzee alisema polepole. "Kuyanyamazia ndiko kutamfichua. Watamfukua. Nitakwenda."

Siku ya kesi walipanda lori la ushirika mpaka Masoko. Nassibu alisimama mbele ya hakimu, akajibu kwa sauti ya barazani.

"Mheshimiwa, mimi sikumtuhumu mtu. Niliuliza tu."

"Ulimwuliza nani?" hakimu alisema.

"Nini, mheshimiwa?"

"Unasema uliuliza. Ulimwuliza mganga wa zahanati?"

"Hapana."

"Ulimwuliza aliyemwosha maiti?"

"Hapana."

"Ulimwuliza aliyeingia kaburini kumpokea?"

"Hapana."

"Ulikwenda umoja wa akina mama kuuliza habari za cherehani?"

Nassibu alijikuna shingo. "Sikufika."

"Basi hukuuliza. Ulitangaza."

Jirani alisema aliyoyasikia. Muuza kahawa naye alisema, na kuongeza kwamba zile jioni kahawa yake iliuzika sana, na sasa anaona haya. Mwenyekiti wa umoja wa akina mama alieleza cherehani ilikotoka. Kisha akaitwa Bi Mwahija. Aliapa, akasema:

"Nilimwosha Riziki binti wa Mboni. Nilimjua akiwa hai, nilimjua akiwa maiti. Nilimfunga sanda kwa mikono hii. Zaidi ya hapo msiniulize."

Hakimu aliinamisha kichwa. "Hatutauliza zaidi, mama."

Hukumu ilisema Nassibu amemkashifu Mboni. Alisema uongo ambao hakujishughulisha kuuchunguza, na uongo huo ulimvunjia mwenzake heshima na kumharibia kazi. Amlipe fidia. Na asimame mahali pale pale aliposema, saa zile zile, ayafute maneno yake.

Jioni watu walijaa kwa muuza kahawa kuliko siku zote. Nassibu alisimama, akaanza kunong'ona.

"Maneno niliyosema juu ya Mboni hayakuwa..."

"Hatusikii!" Dadi alisema kutoka nyuma. "Siku zile ulisikika mpaka Kivinje!"

Nassibu alichukua bati.

"Maneno niliyosema juu ya Mboni hayakuwa kweli! Hakuuza mtoto! Riziki alikufa kwa surua, akazikwa! Sikuwa na ushahidi wowote! Namwomba radhi!"

Watu waliangalia vikombe vyao. Mtu mmoja, akitaka kuondoa ile haya, aliuliza, "Haya, Nassibu, na hii habari ya leo ya bei ya korosho? Nyuma yake kuna nini?"

Nassibu alifungua mdomo. Akamwona Mboni amesimama pembeni na Tekla. Akafunga mdomo.

"Redio imesema hivyo," alijibu. "Zaidi ya hapo mimi sijui."

Kesho yake, wale waliobeba majembe walikwenda makaburini pamoja na balozi Abilahi, wakaisimika upya miti waliyoing'oa. Vitambaa vilirudi kwa Mboni, kimoja kimoja. Kila aliyeleta alisema, "Mimi sikuamini kamwe. Nilikuwa nasikiliza tu." Mboni alikuwa amekwisha choka na neno hilo. "Simama nikupime," alijibu.

Alasiri jirani alikuja bila kitambaa. Alivua ndala, akaingia mpaka ndani, akakaa chini karibu na Mboni.

"Mboni," alisema, "siku zote hizi sijakupa pole ya mtoto. Nilikuwa nasubiri kujua kama alikufa kweli. Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Mboni alitaka kujibu kama watu wanavyojibu, kwamba ameshapoa. Tangu masika alikuwa akipita kwa wazee, kwa mashahidi, kwa hakimu, akithibitisha kwamba mwanawe amekufa. Alikuwa hajapata nafasi ya kumlilia. Alijifunika kanga usoni, akalia, na jirani akamshika mkono mpaka jua likazama.