Waranti ya Mashine Isiyotengenezwa Tena

Kila siku akitoka shule, binti wa fundi cherehani alivua sare, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaingia chumba cha mbele kukata nyuzi. Mashine ya kudarizi ilipomaliza nembo ya shule kwenye sweta, yeye aliigeuza sweta ndani nje na kukata nyuzi zilizoning'inia, mmoja mmoja, kwa mkasi mdogo wenye ncha kali. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo. Kwa kuwa hakuwahi kukubali kushindwa katika mabishano, mtaa mzima ulimwita Wakili, hata mama yake.

Ile mashine mama aliitunza kama mboni ya jicho. Ilikuwa na skrini ndogo; ukishachagua mchoro, inashona yenyewe. Kabla ya kuinunua mama aliishi kwa kutia viraka suruali za watu. Sasa alipata kazi za shule, na mwezi huo mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amemkabidhi sweta mia mbili, zote zikihitajika ndani ya wiki tatu.

Jumanne, sweta ya thelathini na moja ikiwa kwenye fremu, mashine ilitoa mlio kama mtu anayesafisha koo. Skrini ikawa nyeupe, sindano ikasimama katikati ya herufi, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani.

Mama alichomoa waya ukutani. Hakuonekana kuogopa.

"Hapana neno," alisema. "Tuna waranti ya miaka mitatu. Nililipia ile ya nyongeza kwa ajili ya siku kama hii. Na wewe uliisoma karatasi yote."

Wakili aliinama akaendelea kukata nyuzi ambazo alikwisha kuzikata. Ukweli ni kwamba siku ile dukani mama alikuwa amesahau miwani nyumbani, akampa yeye karatasi zile nne asome. Alisoma ukurasa wa kwanza hadi katikati. Kisha televisheni zote zilizopangwa ukutani zikaanza kuonyesha katuni, naye akageuza shingo. Mama alipouliza, "Umesoma yote?" alijibu bila kupepesa macho, "Yote, mama. Haina tatizo."

Kesho yake baada ya shule waliifunga mashine kwa shuka, mama akatia karatasi za waranti kwenye mkoba, wakaibeba kila mmoja upande wake mpaka dukani. Kijana aliyewauzia alikuwepo, na tai yake ileile iliyonyooka kama rula. Aliichomeka mashine, akanusa, akaichomoa.

"Modeli hii haitengenezwi tena," alisema. "Kiwanda kimeiacha."

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Mwaka mmoja kabla hujainunua. Ndiyo maana ulipata kwa bei nafuu."

"Na ulipokuwa unaniuzia, ulijua?"

"Kila mtu hapa alijua."

"Mimi sikujua," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Wakili aliijua sauti hiyo. Ilikuwa mbaya kuliko makelele. "Ulijua kiwanda kimeiacha, na bado ukanisihi nilipie waranti ya nyongeza."

"Waranti ipo, mama. Inasema tutaitengeneza. Lakini bodi yake ya umeme imeungua, na spea ya bodi hiyo haipo popote. Sasa tuitengeneze kwa nini, kwa gundi?"

"Yaani umeniuzia mwavuli wenye matundu, mvua ikinyesha unaniambia mwavuli upo."

Kijana alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Karatasi ulipewa. Na huyu binti aliisoma papa hapa, nakumbuka vizuri. Si uliisoma, mdogo wangu?"

Macho ya mama na ya kijana yalimgeukia Wakili.

"Niliisoma," alisema.

"Basi lawama si zangu," kijana akamaliza, akamwita mteja mwingine.

Mama alipiga kaunta kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka. Alisema watu kama kijana yule ndio wanaofanya maskini aogope kuingia madukani. Alisema akitaka kununua mbuzi kwenye gunia angekwenda mnadani, si kwenye duka lenye vioo. Mlinzi wa mlangoni akaanza kusogea, na hapo mama akaishika mashine yake upande mmoja na kumwambia binti yake, "Beba."

Hawakurudi nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa fundi wa redio na televisheni. Njia nzima mama alikuwa anaongea peke yake, na kila baada ya hatua chache alirudia, "Na ana ujasiri wa kumtupia mwanangu lawama. Mwanangu akisema amesoma, amesoma." Kila alipolisema hilo, Wakili aliiona mashine inazidi kuwa nzito.

Mjomba alifungua skrubu, akamulika ndani kwa tochi, akatikisa kichwa. "Bodi imekwenda. Hapo kijana hakudanganya, spea hii huipati. Lakini punguza jazba, dada. Hasira ni hasara."

"Hasara nimeshaipata. Niachie hasira yangu."

Mjomba alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nieleze jambo moja. Karatasi ya waranti inasema wakupe nini ikiwa spea imekosekana? Maana waranti ya kitu kisichotengenezwa tena, hilo ndilo swali lake la kwanza."

Mama alimgeukia binti yake. "Inasemaje?"

Wakili alitazama skrubu zilizotawanyika mezani.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sikuisoma, mama. Nilisoma nusu ukurasa. Nilikuwa naangalia katuni."

Mjomba alijifanya anatafuta bisibisi. Mama hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe, na uso wake ukabadilika rangi.

"Nimetoka kupiga meza ya watu kwa ajili ya neno lako," alisema. "Yule kijana ni mtu baki. Akinidanganya nitapambana naye. Wewe nipambane nawe vipi?"

Wakili alianza kulia.

"Machozi yako hayatashona sweta. Kaa kwenye kigoda hicho. Karatasi hizi hapa. Utasoma herufi kwa herufi, kwa sauti, na hutainuka mpaka neno la mwisho."

Maandishi ya kurasa za nyuma yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Mjomba alimpa lenzi anayotumia kuangalia waya nyembamba, naye akaanza kusoma. Maji yakiingia, waranti haihusiki. Umeme ukizidi, haihusiki. Kifaa kikifunguliwa na fundi wa nje kabla ya kuletwa dukani, haihusiki. Hapo mjomba alishusha pumzi, maana walipitia dukani kwanza. Kadiri alivyosoma, machozi yalikauka na mahali pake pakaingia hasira. Kila sentensi ilikuwa kama mlango ambao duka lingeweza kutorokea.

Kwenye kifungu cha kumi na nne alisimama, akasogeza lenzi karibu zaidi.

"'Endapo kipuri hakipatikani,'" alisoma polepole, "'mteja atapewa kifaa kingine chenye uwezo sawa au zaidi, iwapo ataomba kwa maandishi ndani ya siku saba tangu kifaa kiharibike.'"

"Rudia," mama alisema.

Akarudia.

"Siku saba," mjomba alisema. "Na leo ni ya pili. Wangekuacha ulie wiki moja tu, wangekuwa wameshinda."

Jioni hiyohiyo Wakili aliandika barua kwa mwandiko wake bora wa shuleni, mjomba akaandika ripoti ya ubovu, mama akatia sahihi zote mbili. Alhamisi walirudi dukani. Kwenye kaunta palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anataka kununua kamera, kalamu tayari mkononi, waranti ya nyongeza mbele yake.

"Nilikwisha kuwaambia," alisema kijana mwenye tai.

Mama alimgusa binti yake begani. Wakili alisoma kifungu cha kumi na nne kwa sauti inayofika dawati la nyuma kabisa, kisha akaweka barua juu ya kaunta.

"Hicho ni kifungu cha ofisi," kijana alisema. "Si cha wateja."

"Kimeandikwa 'mteja'," Wakili alisema. "Nimekisoma mara tano. Leo nimesoma kweli."

Yule mzee aliweka kalamu chini. "Hebu nami nionyesheni kifungu hicho kwanza," alisema. "Na kamera hii je, bado inatengenezwa?"

Ndipo meneja, mwanamke mmoja mwenye miwani, alipotoka ofisini. Alisoma barua, akasoma ripoti, akamtazama kijana wake kwa jicho kali.

"Mtapata mashine nyingine baada ya siku kumi," alisema.

"Siku tano," mama alisema. "Nina sweta za watoto."

"Sawa, tano. Duka letu hupenda kuwasaidia wateja."

"Hujanisaidia," mama alijibu. "Umenipa haki yangu, tena baada ya kunizungusha. Sitashukuru."

Mashine mpya ilifika Jumanne. Mama alishona kutwa, na sweta ya mwisho ilitoka siku moja kabla ya muda. Siku zote hizo alimpa binti yake chakula, kazi na salamu, lakini si maneno mengine. Wakili alishindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Bado umekasirika?"

"Bado, lakini napoa. Hasira ya mzazi ni kama pasi, ukiichomoa haipoi saa hiyohiyo."

Wakili alikaa karibu naye. "Kwa hiyo ile waranti ya nyongeza ilikuwa na faida au ni wizi mtupu?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Kitu kikiwa kimeachwa na kiwanda, uliza kwanza utapewa nini spea ikikosekana. Jibu lisipokuwa kwenye karatasi, funga pochi yako uondoke. Lakini nisikilize, mwanangu. Karatasi yenyewe ilisema kweli tangu siku ya kwanza. Kijana alijua akanyamaza, na wewe hukujua ukasema unajua. Kwangu mimi, makosa hayo mawili yamezaliwa tumbo moja. Ungeniambia, 'Mama, sijasoma,' ningefuata miwani yangu nyumbani, nikarudi, nikasoma mwenyewe. Kusema 'sijui' huleta aibu ya dakika moja. Kudanganya kunakula nyumba nzima."