Mpini Niliokaza

Haya hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yalimpata mdogo wangu Haingo, na mkono ulioyaleta ni huu ninaoandikia.

Ilikuwa Jumanne, jua zuri. Baba mkwe wake alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, na mama mkwe, Ravao, alikuwa amemgawia kipande cha udongo mweusi bondeni, chini ya mashamba ya mpunga, apande karoti na kabichi. Kisha Ravao akasafiri kwenda Antsirabe kwa ndugu zake. Vifaa vilikuwa ghalani, na Haingo akaniita mimi, fundi seremala, nimsaidie kuchagua.

"Kaka, usinibebeshe ghala zima," alisema. "Bustani yenyewe ni kama mkeka."

"Angadi, reki, kisu, ndoo ya kumwagilia. Ukizidisha hapo unajitafutia kazi ya kusafisha."

Reki ilikuwepo, kisu na ndoo pia. Lakini angadi, koleo letu lile refu jembamba, zote zilikuwa zimelika. Nyuma ya ghala tukakuta moja imeegemezwa ukutani peke yake, chuma bado kikali. Mpini wake ulikuwa unacheza.

Haingo akanicheka. "Fundi gani huyu? Au ndiyo kazi zako?"

Mpini unaocheza hunikera kama jino bovu. Nikachonga kabari ya mti mgumu, nikaigongelea mpaka mti na chuma vikawa kitu kimoja. Nilijivunia kazi yangu. Kiburi cha ufundi kilinisahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa kwetu hufundishwa.

"Inaingia yenyewe," Haingo aliniambia jioni. "Sitoi hata jasho."

Jumatano tuta lake la kwanza lilikuwa na urefu wa mtu. Alhamisi lilikuwa shimo. Nilimkuta amesimama ndani, udongo umemfika kiunoni, na karoti haihitaji shimo la namna ile. Nikamwita. Hakugeuka.

"Pumzika basi, Haingo."

"Siwezi kuiachia," alinong'ona. "Kuna mtu ameishika huku chini."

Nilimvuta nje kwa nguvu, nikampeleka nyumbani. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikuwa shimoni tena, analima polepole, macho wazi; safari hii nilimvuta nisimweze.

Ravao alirudi Ijumaa mchana. Aliitazama angadi, akaketi chini kwenye matope.

"Nani amekaza mpini?"

"Mimi, mama."

"Hiyo ndiyo tuliyofukulia mlango wa kaburi siku ya kumzika mzee." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpini wake unaachwa ulegee, wafu wasipate pa kuwashikia walio hai. Hukulijua hilo, Hery?"

Nililijua. Hilo ndilo linaloniua hadi leo.

Tuligonga kabari. Haikutoka. Nikakimbilia msumeno. Mpini ulipokatika Haingo akaanguka chali, vidole bado vimekunjwa. Chuma kilibaki shimoni. Tulichimba kukitafuta, hatukukiona.

Miguu yake ilikuwa baridi. Tuliichua, tukaikanda kwa maji ya moto, tukaifunika mablanketi. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba mzee pia, nikamwambia anichukue mimi niliyekosea. Baridi ikapanda. Magoti. Tumbo. Jumapili, saa nane mchana, ikafika kifuani.

Kaburi la ukoo wa mzee liko mlimani. Walifukua mlango kwa angadi ya kuazima, mpini ukicheza, nami nikaingia wa kwanza na taa. Vitanda vya mawe vya juu vyote vilikuwa vimejaa watu wao wa zamani. Mzee tulikuwa tumemlaza peke yake kwenye kile cha chini, katikati kabisa, sanda imefungwa kamba saba.

Kamba zote saba zilikuwa zimefungwa vilevile. Lakini mzee alikuwa amesogea hadi ukutani, bega lake limegusa jiwe, na kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Nilimlaza Haingo hapo. Hapakuwa na pengine.