Vigae Visivyofungwa

Kila siku ya shule Verdiana aliamka alfajiri, akafagia uwanja, akachota maji, kisha akaondoka mbio, daftari kwapani. Alikuwa darasa la sita katika kijiji cha Mamba, na mbio ndizo zilizokuwa ugonjwa wake. Alikula mbio, alifua mbio, hata rozari aliisali mbio mpaka bibi yake, Lusia, akawa anamuuliza ni nani anayemfukuza.

Mwezi wa nane bibi aliezekesha nyumba kwa vigae vya zamani alivyopewa na parokia ilipobomoa ghala lake. Fundi alikuwa jirani yao, mzee Telesphor, aliyeezeka nusu ya nyumba za kijiji. Mzee alivipanga vigae juu. Verdiana alikaa ndani, juu ya boriti, akipitisha waya kwenye tundu la kila kigae na kukifunga kwenye fito. Siku ya mwisho wenzake walimwita kwenye netiboli. Upande wa stoo ulikuwa na giza na hapakuwa na wa kumwona, basi akawa anafunga kimoja, anaruka vitatu. Mzee alipouliza kama amemaliza, alijibu kwamba amemaliza, akashuka.

Mvua kubwa ya kwanza iliwakuta msibani Katumba, walikokaa siku tatu. Waliporudi, vigae vya upande wa stoo vilikuwa vimeteleza na kupasukia uwanjani. Humo stooni mbegu ya mpunga ilikuwa imelowa, imeota ndani ya gunia na inanuka. Ilikuwa mbegu ya mama yake bibi, iliyochaguliwa suke kwa suke kila mavuno. Bibi alikaa chini akalia. Tangu walipomzika mama yake Verdiana, bibi hakuwahi kulia hivyo.

Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya ya kanisa, bibi alisimama akasema kwamba kazi ya Telesphor si ya kuaminika tena. Maneno hayana miguu lakini yalifika kote. Wazee wa kigango, kanisa dogo la pale kijijini, waliokuwa wamempa mzee kazi ya kuliezeka, wakamwita fundi mwingine kutoka Mpanda.

Mzee Telesphor alikuja kuangalia. Aliinua macho, akayaona matundu yasiyo na waya, akamtazama Verdiana. Verdiana akainamisha kichwa.

"Kazi ni yangu, dada Lusia," mzee alisema. "Na kosa ni langu. Nisamehe."

Siku ya pili Verdiana alimwona mzee akimkabidhi mpwa wake ngazi na nyundo, akisema yeye na ufundi sasa basi. Moyo ulimuuma binti yule hata uji ukamshinda. Alimfuata bibi jikoni.

"Bibi, mzee hakukosea. Mimi ndiye sikufunga."

Bibi aliweka mwiko chini. Hakumpiga.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Lakini mimi nilimsema mbele ya jumuiya, mama. Hatuwezi kulimaliza hapa jikoni."

Jumamosi iliyofuata, kwenye sala, walisimama wote wawili. Verdiana alisema yote. Bibi naye aliomba radhi. Mzee alijifuta macho kwa kofia yake, akasema hakutaka kumwaibisha mtoto ambaye kazi yake hakuikagua.

Vigae vilifungwa upya, kila tundu na waya wake, mzee akikagua kimoja kimoja. Majirani wakawaazima mbegu. Lakini kanisa lilikuwa limeshaezekwa na fundi mwingine, na mpunga ule wa zamani haukupatikana tena kijiji kizima.

Siku ya kupanda bibi alisimama kwenye tuta la jaruba la mpunga, akaitazama mbegu ya watu mkononi mwake.

"Paa tumelifunga, mjukuu wangu," alisema. "Mbegu ya mama yangu imekwenda, na mzee wa watu amekosa kazi aliyoingoja mwaka mzima, kwa sababu ulinyamaza. Kukosea kila mtu hukosea. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."